Salamu Juu ya Mstari

Vijana wa ofisi ya mifugo, siku ile ya kuniaga mliniomba niwaandikie machache kuhusu kazi, nami kama kawaida yangu nikasema haidhuru, nitaandika. Hii ni karatasi ya tano. Ya kwanza niliichana kwa sababu ilianza na vyeo. Ya pili ilianza na mishahara, na sijaona bado mtu aliyejifunza kushika mkia wa ng'ombe kwa kusoma mshahara wa mwenzake. Ya tatu na ya nne nilizichana kwa wasiwasi kwamba mtazisoma kwa sauti ofisini mkicheka. Hii nitaiacha ilivyo. Mkicheka, chekeni.

Nilianza kazi wakati wa Mwingereza, miaka michache baada ya vita kuu ya pili. Nilikuwa nimetoka tu mafunzoni, cheti nimekikunja ndani ya Biblia kisilowe. Kwetu ni Mbozi, jirani na misheni, watu wa kahawa na mahindi. Ng'ombe tuliwajua wawili watatu wa kulimia, tena kwa majina. Nikapangiwa kituo cha ukaguzi nje kidogo ya Tunduma, kwenye njia ya ng'ombe wanaovuka kwenda Rodeshia ya Kaskazini. Kazi ya kituo ilikuwa moja: ng'ombe mwenye homa ya mapafu asivuke, si kwenda wala kurudi. Mmoja tu akiingia kwenye zizi la watu, mwaka haujaisha zizi linaota majani.

Nilitembea kutoka Vwawa siku nzima. Nilipofika nikasimama nje ya kibanda cha mkuu wangu nikiwaza niingie na salamu ipi. Shikamoo? Je, kama si mtu mzima sana, atadhani namzeesha? Hujambo bwana? Je, kama ni mtu mzima, atadhani shule imeniharibu? Nikawa nazunguka pale na sanduku kichwani, mpaka mlango ukafunguliwa.

"Wewe ndiye Haonga?"

"Ndimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nakuangalia kwenye ufa tangu jua liko pale. Ulikuwa unahesabu matofali?"

Huyo ndiye Mzee Silwimba. Wakati ule hakuwa mzee hasa. Lililokuwa zee ni koti lake la jeshi, alilorudi nalo kutoka vitani na ambalo mifuko yake ilibeba ofisi nzima. Alikuwa Mnamwanga wa Momba, mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka, na cheti hakuwa nacho. Nilikuwa nimefundishwa homa ya mapafu kwa picha ya rangi ukutani. Yeye aliijua kwa namna ng'ombe anavyosimama: viwiko vimetoka nje, shingo imenyooshwa mbele kama mtu anayechungulia ng'ambo ya ua.

Alinifundisha mambo madogo ambayo chuoni hawakuyasema. Kipimajoto kifungwe uzi, na mwisho wa uzi uwe na kibanio cha nguo, ukibane kwenye nywele za mkia. "Usipofanya hivyo," alisema, "ng'ombe atakimeza kwa upande usio na meno, na wewe ndiye utakayekwenda kukitafuta." Usimwendee ng'ombe ukiwa na kofia ya aina ambayo mwenye ng'ombe haivai. Usihesabu ng'ombe wa mtu kwa kidole. Na kwenye nyumba ya watu usikatae kinywaji. Hilo la mwisho nililiandika kama adabu, nikapita. Sikujua ni la utabibu.

Sasa niwaambie kuhusu ukurasa wa mwisho wa daftari langu, maana mtu aliyewahi kuuona alinicheka miaka yote. Mimi huwaza. Nikilala nawaza, nikipiga mswaki nawaza. Pale kituoni jioni zilikuwa ndefu, nikaanza kuorodhesha maneno tunayoyatumia kila siku kwa kukanusha tu, ambayo ndugu zao wa upande wa pili hawaonekani. Sijambo. Sina budi. Hana kifani. Haambiliki. Bwana harusi husifiwa kwamba hana kifani, lakini sijawahi kusikia mtu akitajwa kwamba kifani anacho. Mtoto mkorofi haambiliki. Yule mtulivu tunamwita msikivu, hatusemi anaambilika. Na kila mtu anajibu sijambo. Ukisema "nina jambo", watu wanasogeza kiti, mazungumzo yanaanza. Lakini kuijibu salamu kwa hilo, mlangoni, sijamsikia mtu. Nilijiuliza hayo maneno mengine yalikwenda wapi. Yalikufa? Au hayakuhitajika?

Mzee Silwimba alilikuta daftari wazi.

"Haonga, serikali imekupa hili kwa ajili ya ng'ombe."

"Samahani, mzee. Nitaufuta huo ukurasa."

"Sijasema ufute." Akaenda zake. Asubuhi, tukiwa tumemwinamia fahali mmoja asiyetaka kukaguliwa, akasema bila kuinua kichwa, "Nimelala naiwaza hiyo budi yako. Mimi nina miaka hamsini kasoro, sijawahi kuwa nayo hata siku moja. Na huyu fahali, mwandike. Nimetafuta maisha yangu yote ng'ombe anayeambilika."

Mwezi wangu wa tatu kazini mguu wake ulivimba, nikatumwa peke yangu kwa mara ya kwanza. Kulikuwa na mjane, Mama Obedi, aliyekaa mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka kituoni. Mume alimwachia ng'ombe kumi na tisa na mtoto mmoja wa kiume, Obedi, ambaye sasa alikuwa anaoa upande wa pili wa mpaka. Saba kati ya ng'ombe hao walikuwa mahari. Kazi yangu ilikuwa kuwakagua na kuwaandikia kibali cha kuvuka.

Njia nzima nilirudia hatua kumi na mbili za ukaguzi kwa sauti. Nilifika mapema, ukungu haujatoka. Mama Obedi alitoka nje akijifunga kitenge, akanipokea kwa mikono miwili. Mimi Mnyiha, yeye Mnamwanga, hivyo tukakutana kwenye Kiswahili, kila mtu na lafudhi ya kwao.

"Karibu, baba. Hamjambo huko kituoni?"

"Hatujambo, mama. Hapa hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na ng'ombe?"

"Nao hawajambo, tunamshukuru Mungu."

Nikatoa kalamu, nikaandika: *Mwenye mifugo aeleza ng'ombe wote hawajambo.* Niliona fahari kidogo kwa neno "aeleza". Kisha nikaingia zizini. Saba wote walikuwa wamesimama kwa utulivu, wametenganishwa tayari. Nikapima joto mmoja mmoja, kibanio mkiani, uzi haukukatika. Joto sawa. Pua kavu hakuna. Hatua kumi na mbili zote nikazimaliza, nikatia sahihi.

Mama Obedi alikuwa amemwita binti alete munkoyo, kile kinywaji chao cha mahindi na mizizi.

"Asante, mama, nina haraka. Kazi ni nyingi."

"Hutakunywa?"

"Siku nyingine."

Aliniangalia kwa mshangao, kata mkononi. Nikadhani anashangaa kuona kijana mchapakazi.

Nilifika kituoni kabla ya saa nne. Mzee Silwimba alikuwa ameuegemeza mguu wake kwenye gogo. Akasoma ukurasa wangu polepole, nami nikasubiri sifa.

"Ulikunywa nini?"

"Sikunywa, mzee. Nilikuwa nawahi."

"Basi ng'ombe hujawauliza."

"Nimeuliza, mzee. Ameniambia hawajambo. Nimeandika hapo."

"Hiyo ni salamu, Haonga! Ulitaka mama wa watu akupokee mgeni mlangoni na kikohozi? Kwanza anakupa amani, unakaa, unakunywa, ndipo anakupa habari. Wewe umechukua salamu yake ukaigonga muhuri."

"Lakini joto lilikuwa sawa. Wote saba."

"Kuna ng'ombe aliyeugua zamani akapona nusu. Joto lake sawa, anakula, ananenepa. Akipandishwa kilima anakohoa. Kipimajoto hakimjui. Anayemjua ni mtu anayeishi naye." Akaanza kuvaa kiatu juu ya ule mguu, uso umekunjamana. "Wameondoka saa ngapi?"

"Obedi alikuwa anafungua zizi nilipoaga."

Nikaona yote kwa mara moja, kama mtu wa kuwaza anavyoona: ng'ombe saba wanaingia kwa wakwe, wanakula pamoja na ng'ombe wa wakwe, miezi inapita, wanaanza kufa mmoja mmoja, na jina la Mama Obedi linakuwa jina la mwanamke aliyelipa mahari ya kifo. Na kibali kina sahihi yangu.

"Mzee, mguu wako..."

"Hatuna budi. Shika baiskeli."

"Na kama tungekuwa nayo?"

"Tungelala. Endesha."

Nikaendesha, yeye amekaa nyuma kwenye keria, mguu umening'inia, kila shimo analitaja kwa jina nisilolirudia hapa. Nilitaka tukate moja kwa moja kwenda mpakani. Akakataa. "Kwa Mama Obedi kwanza."

Tulipofika, nikaruka chini nikitaka kupiga kelele. Mzee akanikamata mkono. Akasalimia. Akajibiwa. Akauliza wa nyumbani, akaambiwa hawajambo. Akauliza mahindi, akaambiwa si haba. Kisha, vijana wenzangu, ng'ombe wakiwa njiani kwenda kuua zizi la watu, mtu yule akakaa kwenye kigoda, akapokea kata ya munkoyo na kunywa. Nilipewa ya kwangu. Nilihesabu alivyomeza. Alimeza mara kumi na moja. Akapangusa mdomo, akairudisha kata kwa mikono miwili.

"Haya, mama," akasema. "Tuko tayari."

Mama Obedi akakaa chini. Akavuta pumzi.

"Baba Silwimba, yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda anakohoa. Tangu mvua za kwanza. Si kila siku, akipanda kutoka mtoni tu. Nilitaka kumwambia kijana wako, nimtoe yule niweke mwingine. Nikasema akishakunywa nitamwambia. Akaondoka na kalamu yake." Akanigeukia, bila ubaya wowote. "Nikadhani labda kile kifimbo chako cha kioo kimemwona, kikasema si kitu. Ni kifaa cha serikali, mimi nitabishana nacho?"

Sijui kama ninyi mmewahi kuaibishwa na mtu anayewaonea huruma. Ni kubaya kuliko kutukanwa.

"Wamepita njia gani?" Mzee akauliza.

"Si ya barabarani. Obedi amezungukia chini, kwenye kijito. Mahari haiingii kwa wakwe kama ng'ombe waliopotea. Mpaka mshenga aje awapokee. Watamsubiri pale kwenye kivuko, upande wetu. Mkipita kule nyuma ya shamba la ulezi mtawakuta."

Mnaona? Kama tungekimbilia barabarani kama nilivyotaka, tungewakosa kabisa. Kata moja ya munkoyo ilituonyesha ng'ombe na ikatuonyesha njia.

Baiskeli tuliiburuta. Mzee alitembea kwa mguu ule kwa kutumia fimbo na hasira. Tulipotokea juu ya kijito niliwaona: saba wetu wanakula majani upande huu, Obedi amekaa kwenye jiwe na shati jeupe la kwenda ukweni. Na ng'ambo, kwa mbali, vumbi. Wakwe walikuwa wanaleta ng'ombe wao kunywa maji.

"Obedi!" Mzee akaita. "Hujambo, mwanangu?"

Hata pale! Mbio, mguu umevimba kama boga, naye anasalimia.

"Sijambo, baba. Shikamoo. Kuna nini?"

"Marahaba. Mpandishe huyo mwekundu huku juu. Mkimbize."

Obedi akamwangalia, kisha akaangalia shati lake, kisha akamchapa ng'ombe mgongoni kwa kiganja. Mwekundu akapanda mbio. Alipofika kwenye usawa wetu akasimama, viwiko nje, shingo mbele, akakohoa. Kikohozi kidogo, kikavu, kama cha mzee wa kanisa anayetaka watu wanyamaze. Akakohoa tena.

"Rudisha wote," Mzee akasema. "Haonga, vuka. Waambie wale wasimamishe ng'ombe wao pale walipo. Lakini kwanza..."

"Niwasalimie," nikasema.

"Niwasalimie," akarudia, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka.

Nilivuka na viatu vyangu. Mbele ya ng'ombe wa wakwe alikuwa mshenga mwenyewe. Nikamsalimia, nikajibu alivyonijibu, nikauliza wa nyumbani, nikaulizwa wa nyumbani. Ng'ombe walikuwa wanasogea nyuma yake, nami bado namalizia salamu. Lakini nilipomaliza, akasimama mwenyewe na kuinua fimbo kuwazuia ng'ombe wake, kabla sijasema lolote. "Sema, kijana," akasema. "Mtu havuki maji na viatu kuja kusalimia tu."

Mwekundu tulimchinja siku ya tatu. Mzee alipasua pafu mbele yangu akanionyesha lile donge lililojificha ndani, gumu, limezungukwa na ngozi yake kama jiwe ndani ya embe. Ng'ombe waliobaki walifungiwa miezi mingi, na Mama Obedi akapoteza mwingine mmoja, ndama jike. Alimlilia. Zizi la wakwe halikuguswa. Mshenga alikwenda akarudi mara nne, na ndoa ikafungwa baada ya mavuno ya mwaka uliofuata, na ng'ombe saba wengine ambao niliwakagua mimi mwenyewe baada ya kunywa kata mbili. Huko nyumbani kwa wakwe, nasikia, walisema mwanamke anayerudisha mahari yake mwenyewe kutoka kwenye kivuko si mkwe wa kuachwa.

Nilisubiri Mzee Silwimba apeleke habari zangu bomani. Nililala siku tano nikitunga barua ya kujitetea, kisha nikatunga barua ya kukiri, kisha nikawaza ipi ina maneno mazuri zaidi. Hakupeleka. Alichukua daftari langu, akaweka rula katikati ya ukurasa mtupu, akapiga mstari.

"Juu hapa salamu," akasema. "Chini hapa habari. Kalamu isivuke mstari kabla hujanywa."

Ndivyo nilivyoandika kazi yangu yote, tangu siku ile mpaka mwezi uliopita. Bwana mkubwa mmoja alikuja kukagua madaftari akauliza kwa nini nusu ya kila ukurasa imejaa hawajambo, hawajambo. Akasema ni kupoteza karatasi ya serikali. Mzee alimjibu kwamba ndivyo hali ya hewa ya huku ilivyo. Mimi mwenyewe nimebebwa na mstari ule kwenye mazizi ya Momba, ya Mbozi, mpaka Galula, na kila mara habari ilikuwa pale pale, chini, ikinisubiri nimalize kunywa. Watu hawakunidanganya hata siku moja.

Na yale maneno ya ukurasa wa mwisho, nimeyawaza miaka zaidi ya thelathini. Nadhani hayakufa. Fikirini fomu mliyonayo sasa, yenye kisanduku cha kutia alama kama jambo lipo. Watu waliotengeneza salamu yetu walijua kila nyumba ina jambo. Wangeweza kuuliza kama lipo. Wakaona ni ukatili kumuuliza mtu hivyo akiwa bado amesimama mlangoni. Wakampa neno la kukanusha, apumzikie hapo, mpaka awe tayari. Nawavulia kofia. Msijaze kisanduku mkiwa mlangoni, vijana wangu. Hilo tu ndilo nililotaka kuandika, na limenichukua karatasi tano.

Mzee Silwimba alifariki zamani; koti alizikwa nalo. Mama Obedi yupo. Wiki moja baada ya kuagwa kwenu nilikwenda kwake, nikijiambia naenda kuwaona ng'ombe, ingawa ng'ombe hao si kazi yangu tena. Sasa ni bibi wa wajukuu wengi, macho yamepungua, lakini alinijua kwa hatua.

"Karibu, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama."

"Wa nyumbani?"

"Hawajambo."

Akamwita mjukuu alete munkoyo. Nikakaa. Akakaa. Nilikunywa polepole, nikiangalia zizi, nikiwaza kuhusu asubuhi zangu za wiki ile: jinsi ninavyoamka kabla ya jogoo, navaa buti, nakaa kitandani na buti zangu, sijui niende wapi, na mke wangu anajifanya amelala ili asinione. Sikuwa nimemwambia mtu. Nilikunywa mpaka chini, nikairudisha kata kwa mikono miwili.

Yule mama hajui kusoma, lakini aliliona daftari langu miaka yote ile. Akanyoosha kidole, akapiga mstari mrefu mavumbini kati ya miguu yetu.

"Haya," akasema.

"Mama," nikasema, "nina jambo."

Akasogeza kigoda chake karibu.